Hedseti ya mwanafunzi wa urubani, mfukoni nina sh 50,000: niangalie nini kabla ya kununua?

Mwanagenzi03
Wadau, salaam. Naanza mafunzo ya PPL (leseni ya rubani binafsi) mwezi ujao hapa Mombasa, uwanja wa Moi, ndege ni Cessna 172. Nataka hedseti yangu mwenyewe. Nina sh 50,000, na hiyo iwe bei ya mpaka mkononi, si bei ya kwenye tangazo. Navaa miwani kutwa. Kila muuzaji anaandika "kimya kabisa", lakini bei zinaanza dola 130 na kufika 1,300. Naombeni mniambie vitu vya kuangalia, msinitajie jina tu. Ahsanteni.

Kusi_Mwanana
Karibu sana. Anza na plagi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapotupa pesa.

Cessna 172 huwa na matundu mawili kwa kila kiti, la kusikilizia na la maiki. Plagi ya kusikilizia ndiyo nene, milimita 6.35, inaitwa PJ-055. Ya maiki ni nyembamba kidogo, milimita 5.23, inaitwa PJ-068. Ukiitazama mojamoja unaweza kuchanganya, ukizishika pamoja tofauti inaonekana. Kwenye matangazo jozi hii huandikwa GA, yaani ya ndege ndogo za kawaida. Hedseti ya helikopta ina plagi moja tu, U-174, nayo haiingii kwenye 172 bila adapta. Plagi ya LEMO yenye pini 6 inavuta umeme wa ndege, na ndege nyingi za mafunzo hazina tundu lake. XLR ya pini 5 ni ya Airbus.

Mitumba ya bei ya kushangaza mtandaoni mara nyingi ni mojawapo ya hizo. Au ni ya jeshi, yenye maiki ya ohm 5. Ukiichomeka utasikia vizuri sana, ila wewe mwenyewe hutasikika, kwa sababu redio za kiraia zinataka maiki ya aina nyingine. Muuzaji asipotaja aina ya maiki, muulize kabla hujatuma hata shilingi.

Desibeli85
Plagi ikishakubali, swali linalofuata ni kelele, na hapa pana hesabu.

Ndani ya ndege ndogo ya injini moja kelele hucheza kati ya desibeli 90 na 100. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 97 ni dakika 30 tu. Somo moja la ndege linakula saa nzima, na sikio likishaumia kwa kelele halirudi.

Hedseti zina namba ya NRR, yaani kiwango cha kelele inachozuia. David Clark H10-13.4, ile ya kijani ambayo karibu kila mtu ameshaiona, ina NRR 23. Tuseme kelele ni 95: usidhani utatoa 23 ubaki na 72. Kelele ikipimwa kwa dBA (desibeli zinazofuata usikivu wa sikio), toa 7 kwanza kwenye NRR, ndipo utoe kinachobaki. 23 kutoa 7 ni 16, na 95 kutoa 16 ni 79. Hiyo ni salama, lakini ni namba ya maabara, hedseti imekaa vizuri na hakuna miwani. Hewa ikipata mwanya mdogo chini ya mto wa sikio, hizo 16 zinapungua haraka.

Ndiyo maana mimi husema mito ya masikio ina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye kikombe. Mito ya jeli inajikunja kufuata mfupa wa shavu na mkono wa miwani. Mito ya sponji ya bei rahisi inakaa kama ilivyotoka kiwandani.

Binti_Tudor
Nafuatilia uzi huu kwa karibu. Mimi pia naanza, nami navaa hijabu. Kitambaa kikipita chini ya mto wa sikio si ndio mwanya wenyewe huo?

Desibeli85
@Binti_Tudor ndio, dada, kitambaa ni mwanya, lakini kinapunguzika. Valia ndani kitambaa chembamba cha kuvutika, tabaka moja tu pale kwenye masikio, kisiwe na mshono wala pini chini ya mto. Pini hata ikiwa ndogo inanyanyua mto na baada ya nusu saa inauma. Fundo la nywele lishuke nyuma ya shingo. Likikaa juu, utepe wa hedseti hauketi na vikombe vinapanda. Ule mtandio wa juu unaweza kuuvaa juu ya hedseti, ulegee.

Kisha ongeza viziba masikio vya sponji chini ya hedseti, vile vya dukani vya bei ndogo. Visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia sekunde 20 hadi 30 vivimbe. Ongeza sauti kwenye hedseti na utasikia maneno vizuri. Ila hapa hesabu si ya kujumlisha: kinga mbili hazileti jumla ya namba zake, kadiria nyongeza ya desibeli 5 hivi juu ya ile kinga kubwa zaidi. Hizo 5 zinaweza kurudisha sehemu nzuri ya ulichopoteza kwa kitambaa.

Zipo pia hedseti za kuingiza sikioni, kama Clarity Aloft. Hazibani kichwa kabisa, na kwa hijabu na miwani zinakaa vizuri mno. Bei yake imepita bajeti ya uzi huu, lakini iweke akilini.

@Mwanagenzi03 kwa miwani: mikono yake iwe myembamba na imenyooka. Mikono minene ya plastiki ndiyo adui. Jaribu hivi injini ikiwa inazunguka polepole chini: nyanyua mikono ya miwani isiguse ndani ya mto. Mngurumo ukishuka ghafla, mwanya wako ni miwani. Irudishe, sasa bonyeza vikombe kwa viganja. Ukishuka tena, utepe umelegea au mito imechoka.

Futi3000
Ndugu zangu, kwa heshima zote, mnamwelekeza kijana kwenye hedseti ya kuziba tu kana kwamba zile za betri hazipo. Chukueni injini ya silinda 4 ikizunguka mara 2,400 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 40 kwa sekunde. Propela ya mapanga mawili inapiga hewa mara 80 kwa sekunde, na silinda zinawaka mara 80 kwa sekunde vilevile. Kelele kubwa ya 172 inakaa huko chini, hertz 80 na jirani zake. Kikombe na jeli vinazuia sauti kali za juu, lakini mngurumo wa chini unapita. Ndiyo kazi ya ANR, kuzima kelele kwa umeme: maiki ndogo ndani ya kikombe inasikiliza mngurumo, kisha spika inatoa wimbi la kinyume chake. Mwanafunzi ambaye hajachoka masikio anashika maelekezo upesi. Anayeelekea CPL (leseni ya rubani wa biashara) atahitaji saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Kwa nini asinunue mara moja?

Kusi_Mwanana
@Futi3000 hesabu yako ya 80 ni sahihi, wala sibishani nayo. ANR ni bora. Lakini tazama bajeti. Lightspeed Zulu 3 ni dola 900 hivi, ukipiga kwa sh 130 ni 117,000. Bose A30 ni karibu dola 1,300, yaani sh 169,000. Hapo hajalipia usafiri wala ushuru. Pesa hiyo ni masaa kadhaa ya kuruka, na PPL inataka saa zisizopungua 40. Asiyeruka mfululizo hurudia masomo.

Zile ANR za bei ya chini sana ndizo naziogopa. Nyingi zina kikombe chepesi na mto mwembamba, zikitegemea umeme ufanye kazi yote. Betri ikifa angani redio inaendelea kusikika, hiyo ni kweli kwa karibu zote, lakini kinga inayobaki ni ile ya kikombe. Kikombe kikiwa dhaifu umebaki na kelele. Ni afadhali kikombe kizuri kisicho na umeme kuliko umeme juu ya kikombe kibovu. Akifika CPL atanunua ANR, na hii ya kwanza haitupwi, itakuwa ya abiria wake.

Futi3000
Hilo la kikombe kibovu nakubali. La kusubiri bado silikubali kwa mtu mwenye uhakika wa CPL, ila kwa sh 50,000 sina hoja.

Shehena_Miritini
Tufanye hesabu ya kuagiza, maana wengi huishia hapa.

Hedseti ya dola 180, tuseme usafiri dola 50. Jumla 230, kwa 130 ni sh 29,900. VAT ni 16%, hivyo weka angalau 4,784 juu yake. Umefika 34,684. Bado ushuru wa forodha kulingana na kundi la bidhaa, ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli, na ada ya wakala wa usafirishaji. VAT yenyewe hupigwa juu ya bei, usafiri na ushuru vikiwa pamoja, kwa hiyo namba yangu ni ya chini kabisa. Mwulize wakala akupe bei ya mpaka mlangoni kwa maandishi kabla ya kulipa.

Sasa David Clark H10-13.4 mpya, karibu dola 400. Na usafiri wa 60 ni 460, sawa na sh 59,800. VAT 9,568. Umeshavuka 69,000 kabla ya tozo nyingine. Kwa hiyo kwa bajeti yako, mpya kutoka nje ni zile za dola 130 hadi 200: Rugged Air RA200, Kore KA-1, ASA HS-1A, jamii hiyo. Ukiitaka David Clark, tafuta iliyotumika na ambayo tayari iko nchini.

Na ukiweza, panda SGR uende uwanja wa Wilson, Nairobi, ukajaribu kichwani. Maumbo ya vichwa hayafanani. Ivae dakika 20 nzima, si dakika moja. Utepe unaouma utosini hujitokeza kuanzia dakika ya 15 hivi.

Jambo la mwisho, dhamana. David Clark wanatoa miaka 5, Bose 5, Lightspeed 7 kwa Zulu 3. Dhamana ni nzuri, lakini ukumbuke kurudisha mzigo Marekani ni gharama yako mara nyingi. Kinachosaidia zaidi huku kwetu ni upatikanaji wa vipuri: mito, sponji ya maiki, maiki yenyewe, waya. David Clark wanauza karibu kila kipande peke yake, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mtumba wake kushika bei.

FundiLehemu
Kwa anayenunua iliyotumika, vipimo vyangu ni hivi, na visifanyike kwenye meza ya mgahawa. Nenda kwenye ndege, au angalau kwenye intakomu (kifaa cha kuongea kati ya hedseti) ya mezani yenye betri.

Kwanza waya. Shika plagi mkono mmoja, pinda waya pale unapoingia kwenye plagi, huku na huku, maiki ikiwa wazi. Ukisikia mkwaruzo au sauti inakatika, uzi wa ndani umevunjika. Hapo ndipo pa kwanza kufa kwenye hedseti nyingi, sababu watu wanachomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika plagi. Rudia pale waya unapoingia kwenye kikombe. Kuvunjika kwenye plagi si mwisho wa dunia: fundi mzuri wa redio anakata sentimita 5, analehemu upya. Ila mwambie mpangilio, asikisie. Plagi ya maiki, ncha ni ya kitufe cha kusemea, pete ni sauti ya maiki, mwili ni ardhi. Akibadilisha ncha na pete, hutasikika. Plagi ya kusikilizia, ncha ni sauti, mwili ni ardhi, na kama ni stereo, pete ni sikio la kulia.

Pili mkono wa maiki. Uweke mbele ya mdomo, tikisa kichwa kama unaangalia trafiki kushoto na kulia. Ukishuka wenyewe, skrubu imelegea au uzi wake umekwisha.

Tatu mito. Ibonyeze kwa kidole gumba. Ya jeli inarudi polepole. Ikiwa ngumu kama kandambili ya zamani au ina ufa, hesabu bei ya mipya na uikate kwenye bei ya muuzaji. Mito ni kitu cha kubadilisha, isikufukuze hedseti nzuri. Kikombe chenye ufa, hapana, achana nayo.

Sikio moja halisikii? Usiikatae bado. Tafuta swichi ndogo ya mono na stereo kwenye kikombe au kwenye kisanduku cha waya. Hedseti iliyo kwenye stereo ikichomekwa kwenye tundu la mono husikika upande mmoja tu. Watu wanauza hedseti nzima kwa hasara wakidhani spika imekufa.

Mwanagenzi03
Hii ni zaidi ya nilichoomba, ahsanteni. Swali moja: nina hedfoni nzuri za simu zenye kuzima kelele. Kuna adapta za kuziunganisha na redio ya ndege. Hiyo haiwezi kunisogeza kwa sasa?

FundiLehemu
Kaka, usifanye. Maiki ya simu inakula volti 2 hivi. Redio ya ndege inapeleka kati ya volti 8 na 16 kwenye waya wa maiki. Spika za simu ni ohm 16 hadi 32, za hedseti ya kawaida ya ndege ni ohm 150 hadi 300. Adapta ya waya mtupu hairekebishi lolote kati ya hayo. Matokeo ni maiki iliyoungua au isiyosikika, na spika zinazovuta sauti ya intakomu mpaka mwalimu naye anasikia kwa mbali. Adapta zenye sakiti ya kurekebisha zipo, lakini ukishailipia umekaribia bei ya RA200. Tena vikombe vya hedfoni za simu vimetengenezwa kwa basi na ofisi. Zima betri uone kinachobaki.

Kusi_Mwanana
Wacha niongeze la maiki, sababu hedseti ya sh 30,000 iliyowekwa vizuri inasikika mnarani kuliko ya sh 160,000 iliyoning'inia kidevuni.

Maiki hizi zina matundu mbele na nyuma. Kelele ya ndege inaingia pande zote mbili kwa nguvu sawa, kwa hiyo inajifuta yenyewe. Sauti yako inaingia upande mmoja tu kwa nguvu, kwa kuwa mdomo uko karibu. Ukiiweka mbali, sauti yako nayo inaingia pande zote mbili karibu sawa, na maiki inaifuta pamoja na kelele! Ndiyo maana kupiga kelele hakusaidii.

Umbali ni milimita 3 hadi 6 kutoka mdomoni, yaani sponji yake inakaribia kugusa mdomo, na ikae kwenye pembe ya mdomo, si katikati. Katikati, kila P na B inapuliza kama upepo. Hakikisha upande wa kusemea ndio unaotazama mdomo; maiki nyingi zina alama au maandishi upande huo. Ikigeuka kidogo tu sauti inazama.

Kisha skwelchi ya intakomu, kitufe cha kuzungusha kinachokata mngurumo usipozungumza. Igeuze mpaka mngurumo usikike masikioni, halafu irudishe taratibu mpaka ukatike, hapo hapo simama. Ukisema neno na silabi ya kwanza inakatwa, usikimbilie kitufe, sogeza maiki kwanza. Uwanja wa Moi una ndege kubwa za abiria na vindege vya mafunzo pamoja, na kibali cha njia ya kurukia 03 kisichosomwa vizuri kinaletewa "rudia", muda unakwenda, na wengine wanasubiri.

Binti_Tudor
Na utunzaji? Joto la huku na chumvi si mchezo.

Desibeli85
Chumvi na jasho ndivyo vinavyoua hedseti Pwani kabla ya umri.

Usiiache kwenye gari wala juu ya dashibodi ya ndege. Jeli ikipata moto sana inavuja kwenye mshono, na ngozi ya plastiki inakuwa ngumu. Nunua vifuniko vya kitambaa vya mito, jozi mbili, moja inafuliwa nyingine inavaliwa. Vinakula kinga kidogo, lakini jasho haligusi plastiki. Baada ya kuruka pangusa mito kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu. Spiriti usiguse nayo mito, inaikausha. Ipeleke kwenye plagi: kitambaa chenye spiriti ya isopropili kidogo mara moja kwa mwezi, maana shaba ikishika ukungu wa kijani sauti inaanza kukwaruza. Sponji ya maiki iwe yako peke yako, na ibadilishe ikianza kupasuka, hasa ukiazima hedseti ya shule. Mfukoni mwa mfuko tia vipakiti viwili vya silika.

Mwenye ANR, toa betri kama hutaruka wiki mbili. Zikivuja kwenye unyevu huu zinakula vyuma vya kisanduku.

Mwanagenzi03
Nimeamua: natafuta David Clark iliyotumika kwanza, nikiikosa ndani ya wiki tatu naagiza Kore au RA200. Sasa siku ya kwanza nikichomeka na nisisikike, naanzia wapi bila kumpotezea mwalimu muda?

FundiLehemu
Sukuma plagi ya maiki mpaka ilie tiki. Matundu ya ndege za mafunzo yamechoka, na plagi ikibaki nje milimita mbili tu maiki haifanyi kazi ilhali masikio yanasikia. Ikigoma, izungushe kwenye tundu huku unasema. Bado? Badilishana tundu na mwalimu: hedseti yako ikigoma na kule, ni hedseti; ya mwalimu ikigoma upande wako, ni tundu la ndege, liandikwe kwenye kitabu cha hitilafu. Ukibonyeza kitufe cha kusemea lazima ujisikie mwenyewe masikioni. Usipojisikia, huenda mnara nao usikusikie, kwa hiyo usianze kutembeza ndege mpaka ujisikie.

Na unapoagiza, weka kwenye mzigo huo huo sponji mbili za maiki na jozi moja ya mito ya jeli. Vikija peke yake baadaye, usafiri utazidi bei yake.